Shangazi wa Mita ya Sitini

Kambini, 14 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Mizigo yangu miwili imefika, na ule wa tatu ulionisukumia dirishani basi likiwa limeshaanza kuondoka nao umefika, ingawa mpaka leo sielewi mkimbiaji anahitaji sufuria kubwa yenye mfuniko ya nini. Msalimie sana Bibi, mwambie nakula na nashiba, na kwamba hapa hakuna baridi, kwa hiyo asianze kufuma kitu.

Utashangaa kuona karatasi badala ya kusikia simu. Simu zetu zilikusanywa siku ya kwanza, zikafungiwa kabatini kwa kocha. Anasema mkimbiaji anayelala na simu halali, anasinzia tu. Tunarudishiwa Jumapili moja kwa mwezi, kwa nusu saa, na wewe Jumapili simu yako huwa umeizima ili isiishe chaji. Basi tuandikiane, kama zamani.

Chumba ni kidogo lakini safi: vitanda viwili, meza moja, dirisha linalotazama tangi la maji. Mwenzangu naye ni wa mita mia, mrefu hata tumembandika jina la Ngazi. Mchana mpole kabisa, usiku anakoroma utadhani kuna mtu anahamisha makabati.

Sasa mazoezi. Shangazi, kaa vizuri kwanza. Siku ya kwanza kocha alitukimbiza mita thelathini, kwa nguvu zote, kisha akatuambia tukae chini. Mimi nikabaki nimesimama nikirukaruka, kama ulivyonifundisha. Akaniuliza, "Unakwenda wapi?" Nikamwambia napasha misuli moto. Akasema, "Imeshapata moto. Kaa." Tukakaa dakika nane nzima, tunatazama nyasi. Halafu thelathini nyingine, halafu nyasi tena. Mpaka saa ya chakula nilikuwa nimekimbia umbali wa kutoka kwako hadi dukani na kurudi, na nimekaa muda wa kuivisha maharage. Anasema mtu aliyechoka hawezi kujifunza kasi, anajifunza kuchoka tu.

Neno lake kubwa ni moja: legea. Legeza uso, legeza mikono, legeza mabega. Analisema taratibu, kama daktari wa meno.

Tuko wasichana sita wa mita mia. Juni kuna mchujo: watatu wanabaki na kwenda mashindano makubwa, watatu wanarudi kwao na bukta zao. Niombee.

Mwanao mkimbiaji


Nyumbani, 2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako imekaa njiani mpaka imechoka, lakini nimeipokea. Sisi hatujambo. Bibi yako nilimsomea barua mara mbili, ya pili kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Ameuliza mambo mawili: kama umenenepa, na hao mnaowakimbiza wamewakosea nini. Kufuma ameshaanza, ni fulana. Sufuria ni ya kupikia, usiulize tena.

Shuleni tumeletewa mwalimu mkuu mpya. Kijana wa suti ya bluu, kalamu tatu mfukoni, na kila sentensi yake lazima ipitie kwenye neno tija. Juzi aliniuliza somo la michezo lina tija gani. Nikamwambia aje saa kumi na bukta, atajionea. Hajaja.

Nikija kwenye hayo mazoezi yenu, nilisoma pale pa kukaa nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Nimefundisha michezo shule hii tangu uwanja ukiwa na visiki. Nimeona watoto wakishinda kwa bidii, kwa hasira, na mmoja alishinda kwa kukimbizwa na mbwa. Aliyeshinda kwa kukaa bado sijamwona. Wewe mwenyewe nilikutoa kwenye tairi la lori, ukilivuta kupanda kile kilima cha nyuma ya choo cha wavulana, jua la saa nane, na hukuuliza dakika nane ziko wapi.

Na hilo la kulegea ndilo limeniudhi zaidi. Kwetu hapa aliyelegea tunampeleka zahanati. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikulea miaka sita tu, iliyobaki nimekulea mimi, na sikukulea ulegee. Huyo kocha wako msikilize kwa adabu, maana ndiye mwenye chakula. Lakini ukifika mita ya sitini, pale wenzako wanapoanza kutafuta pumzi, kumbuka nani alikuwa akisimama pale kila mashindano na alikuwa akisema nini. Neno ni moja tu, nalo ni kaza.

Hilo la kunyang'anywa simu namuunga mkono. Ni jambo la pekee la maana alilofanya.

Shangazi yako


Kambini, 25 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Nimeipata barua yako nikaisoma nikiwa nimelala kitandani saa nane mchana, na kabla hujavua miwani tena nikwambie kwamba kulala mchana hapa ni zoezi. Liko kwenye ratiba ukutani, kati ya chakula na kunyanyua vyuma. Kocha anapita mlangoni kusikiliza. Ukiguna anajua hujalala. Ngazi peke yake ndiye anayepata alama zote. Mwambie Bibi sijanenepa ila mapaja yameongezeka, na fulana yake nitaivaa.

Kijana wa kamera anatupiga picha za video kutoka pembeni, kisha jioni tunakaa kwenye chumba cha mikutano tukijitazama tunavyokimbia polepole. Sijawahi kuona jambo la kutia aibu kama hilo. Mita hamsini za kwanza, Shangazi, nilijipenda. Mguu unashuka chini ya nyonga, mikono inakwenda, uso umetulia. Nikifika sitini naona mtu mwingine kaingia kwenye mwili wangu. Meno yanang'atana. Ngumi zinafungwa. Mabega yanapanda mpaka yanataka kuziba masikio, na kuanzia hapo hatua zinakuwa fupi, Ngazi ananipita anatabasamu.

Kocha akasimamisha picha pale pale, akauliza mbele ya watu wote, "Nani alikufundisha kukasirika katikati ya mbio?" Nikasema sijui.

Wewe ndiye uliyeniona tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nakimbia hivi hivi tangu zamani? Nijibu kweli, kocha anataka kujua kama ni tabia ya juzi au ya siku nyingi, maana dawa zake ni tofauti.

Mwalimu mkuu ameshavaa bukta?

Mwanao


Nyumbani, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tuko wazima isipokuwa paa, ambalo limeanza kuvuja juu ya kabati la vyombo, na Bibi yako, ambaye anasema halivuji. Fulana imefika kwenye kwapa.

Umeniuliza ulikuwa unakimbiaje. Ulikuwa unakimbia vizuri, ndiyo maana wakakuchukua. Mengine ni ya kamera.

Mwalimu mkuu hajavaa bukta. Ila ameanza kusimama dirishani kwake nikiwa uwanjani na watoto, mikono nyuma, anatikisa kichwa. Simjali.

Nina swali dogo. Hizo dakika nane mnazokaa, mnakaa kitako au mnalala chali? Na mnakunywa maji mwanzoni mwa zile dakika au mwishoni? Na mtoto, yaani mtu mwenye umri mdogo kuliko ninyi, tuseme wa darasa la saba, anaweza kutosheka na nne? Nauliza tu. Barua yako haikueleza vizuri, na mimi sipendi habari nusunusu.

Jambo lenyewe kubwa ni hili. Nimeomba ruhusa mwezi wa Juni, nimepewa kwa shida, baada ya kueleza tija yake. Nakuja kwenye mchujo. Nitapanda basi la usiku, nitafika asubuhi, nitatafuta nafasi jukwaani sawasawa na mita ya sitini, na hao wenzako watano watajua kwamba wewe una watu. Sauti yangu bado ipo. Wiki iliyopita nilimwita mtoto aliyekuwa anatoroka, akarudi yeye na mwingine ambaye hata sikuwa nimemwona.

Jikaze kisabuni mpaka nifike.

Shangazi yako


Kambini, 15 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Poleni kwa paa. Huku mvua hakuna, vumbi tu, na Ngazi amepata mafua, kwa hiyo makabati ya usiku sasa yana kengele pia.

Kuhusu swali lako dogo: tunalala chali miguu ikiwa imekunjwa, maji tunakunywa kidogo mwanzoni, na wa darasa la saba kocha anasema wakikimbia mita ishirini, nne zinatosha, mradi wapumzike kweli wasichezecheze. Alifurahi sana kusikia kuna mtu kwetu anayeuliza tu. Aliuliza huyo mtu ana watoto wangapi uwanjani. Nilimwambia hana hata mmoja, anauliza kwa sababu hapendi habari nusunusu.

Mimi nimepewa dawa mpya. Nakimbia nikiwa na jani kavu katika kila kiganja, kati ya vidole. Jani likipondeka, mbio hiyo haihesabiwi hata kama nimewaacha wote. Ngazi anamaliza mita mia na majani yake yakiwa mazima, anaweza kuyarudisha mtini. Mimi yangu nikifika mwisho ni unga. Mwezi mzima nimeponda majani, mfagiaji wa uwanja amenilalamikia ofisini.

Shangazi, kuhusu kuja kwako. Uwanja ni mdogo. Viti vyenyewe ni vya zege na havina egemeo, na mgongo wako naujua. Halafu Juni hapa jua ni kali mno. Basi la usiku nalo nasikia siku hizi linaharibika njiani. Na mbio zenyewe, ukifikiria, ni fupi sana. Mtu asafiri usiku kucha aje kuona kitu kinachokwisha kabla hajakaa vizuri.

Katika sita mimi kwa sasa ni wa tano.

Mwanao


Nyumbani, 6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Paa limezibwa. Bibi yako anasema amelizoea lilivyokuwa.

Kofia ninayo. Mto wa kukalia nitabeba. Basi likiharibika nitalisukuma, nimesukuma mengi. Na kama mbio ni fupi, hilo nilikuwa nalijua kabla hujazaliwa. Umeandika ukurasa mzima wa sababu na hakuna hata moja iliyo yako. Nimekaa na watoto wa shule maisha yangu yote, namjua anayetaka kwenda chooni kwa namna anavyokaa. Sema unachotaka kusema.

Huku kumetokea jambo la kipuuzi. Jumanne mwalimu mkuu aliamua hatimaye kushuka uwanjani. Akakuta watoto wangu ishirini wamelala chali kwenye nyasi, miguu imekunjwa, kimya, macho juu. Akaja mbio, mara yangu ya kwanza kumwona akikimbia, na anakimbia vibaya. Akaniuliza wamekula nini. Nikamwambia hawajala kitu, wanafanya kazi, asiwaamshe. Akasema nimelegea. Mimi. Mbele ya darasa zima, akasema, "Mwalimu, naona sasa umelegea, unasubiri kustaafu." Mtoto mmoja kwenye nyasi akacheka, na kwa kweli hapo ndipo aliponiharibia, maana kucheka kunakaza tumbo.

Usijenge hadithi yoyote hapo. Siku hiyo kulikuwa na joto, nikawapumzisha. Majani yaliyojaa uwanjani ni ya mti.

Wa tano katika sita ni wa pili kutoka mkiani. Mtu wa namna hiyo hahitaji kunieleza habari za viti. Anahitaji mtu wake pale.

Nasubiri.

Shangazi yako


Kambini, 20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi na kila nikiisoma naona nimekutukana, kwa hiyo safari hii siisomi, naifunga tu.

Naomba usije.

Juzi kocha alinitoa pembeni, tukakaa kwenye vibao vya kuanzia mbio, wengine wameshaondoka. Akasema, "Miguu yako haina tatizo. Kila siku sehemu ileile unamsikiliza mtu. Nataka kujua ni nani." Nilifungua kamba za kiatu kimoja, nikazifunga tena. Halafu nikamwambia kuwa ni wewe.

Nikifika sitini nakusikia. Uko mbali hivyo, jukwaa tupu, nakusikia unasema kaza, na mimi mtoto wako nakaza kama nilivyofundishwa. Nakaza meno, nakaza shingo, nakaza kila kitu kilichopo, na mwili uliokazwa haukimbii, unajivuta. Kocha ananiambia legea, wewe unaniambia kaza, nyote wawili mnataka nishinde, na mimi nimebaki katikati na unga wa majani mkononi.

Kama nakusikia hata usipokuwepo, ukiwepo kweli itakuwaje?

Nilikuwa naipenda sauti ile. Watoto wengine walikuwa na mama zao na baba zao pale uwanjani, mimi nilikuwa na wewe, na ulikuwa unawafunika wote. Nilikuwa najivunia. Naomba uelewe kwamba najivunia bado. Ila inanifunga breki, Shangazi, na nikirudishwa nyumbani mwezi ujao sitaweza kukueleza usoni kwamba ni kwa sababu hiyo. Nitasema ni msuli. Nimeona bora nikwambie sasa ukiwa mbali, maana mimi ni mwoga wa karibu.

Mchujo ni Jumamosi ya tarehe ishirini Juni. Nikimaliza nitakuandikia siku ya pili yake.

Mwanao


Kambini, 10 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu. Najiambia ni posta. Fulana ya Bibi imefika, imekunjwa vizuri, ndani ya bahasha ya shule, na ndani yake hakuna hata mstari mmoja. Nimeikung'uta mara tatu.

Inanitosha kila mahali isipokuwa shingoni.

Ngazi anasema mtu akinyamaza ana hasira. Mimi nikamwambia hajui ukoo wetu, kwetu mwenye hasira ndiye anayesema. Anayenyamaza sijawahi kumwona, kwa hiyo sijui ana nini.

Nakusalimu tu.

Mwanao


Kambini, 21 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijui kama barua zangu bado zinafunguliwa. Nilisema nitaandika, naandika.

Nimebaki. Nimekuwa wa tatu, kwa kifua tu, walitazama picha mara mbili kabla ya kutangaza. Ngazi wa kwanza, kama kawaida yake, na alipomaliza alilala kwenye nyasi, nadhani alilala kweli.

Nikueleze ilivyokuwa, maana hata kocha nimemweleza na hakuniamini. Nilitoka kwenye vibao vizuri. Thelathini, arobaini, uso umetulia, sisikii kitu ila viatu. Watu jukwaani walikuwa wanashangilia lakini kwa mbali, kama sherehe ya jirani. Nikaiona sitini inakuja na nikaanza kuiogopa. Na kweli, mahali palepale, nikasikia mtu. Si sauti yako, ni ya mwanaume, nzito, imeanza kwa nguvu: "Ka..." Mabega yangu yakaanza kupanda yenyewe. Halafu, Shangazi, ikakatika. Ikakatika ghafla, kama redio iliyochomolewa kwenye umeme. Neno halikumalizika. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kulipokea lote, nikapokea nusu, na mabega yakabaki hayajui yafanye nini, yakashuka. Sijui nieleze vipi. Nilisahau kukaza. Nilipokumbuka nilikuwa nimeshavuka mstari.

Baada ya matokeo wote walikimbilia watu wao. Mama yake Ngazi alikuja na kaka zake wanne, ngazi tupu. Mimi nilizunguka jukwaa lote upande ule wa sitini, nikijua kabisa kwamba nilikuomba usije. Nilikuomba mwenyewe, kwa maandishi, na bado nilizunguka. Nililia kidogo nyuma ya choo, kisha nikarudi kupiga picha ya pamoja.

Nijibu basi, hata kwa kunigombeza.

Mwanao


Nyumbani, 2 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba zote ulizonidai. Barua zako zote nilizifungua. Ile ya Mei niliifungua asubuhi kabla ya kwenda kazini, na siku hiyo sikwenda. Nilikujibu mara nyingi. La kwanza lilikuwa la matusi, la pili la kukupongeza kwa adabu mbaya, la tatu nilikuorodheshea vyote nilivyokufanyia tangu ukiwa na miaka sita, nikasoma mwenyewe nikaona haya, nikawashia jiko. Nilikuwa nimeumia, usidhani sikuumia. Mtu akwambie sauti yako ni breki, na ndiyo sauti pekee uliyonayo. Bibi yako akaona moshi, akauliza kwa nini napika barua. Nilipomweleza akasema, kwa utulivu kabisa, kwamba yeye anaiona sauti yangu ndogo.

Nilikuja. Ruhusa ilikuwa imeshatoka na tiketi haikurudishwa, ndivyo nilivyojiambia. Basi halikuharibika. Nilikaa nyuma ya nguzo, upande wa sitini, kofia imeshuka mpaka puani, na mtandio nimeukunja nikauweka mdomoni, si kwa mfano, nimeuuma kwa meno. Nilikuwa nimekata shauri kwamba nitakaa pale na sitakuwepo.

Kando yangu alikaa bwana mmoja mnene mwenye mfuko wa karanga, hakujui wala hakuhusu, ila tangu mlipojipanga alikuchagua wewe kwa sababu ndiye mfupi kuliko wote. Bunduki ilipolia akasimama. Akasimama na miguu yote, akavuta pumzi mpaka vifungo vikalalamika, na kwa pembe ya jicho nikaona mdomo wake unakwenda wapi. Mimi nimelisema neno lile maisha yangu yote, nalijua kwa umbo kabla halijatoka. Nilimkanyaga. Kwa kisigino cha kile kiatu changu cha sherehe, kwenye kidole kikubwa, na nikaegemea. Aliposhika mguu akaniuliza, "Mama, nimekukosea nini?" Nikamwambia kupitia mtandio, bila kumtazama, "Mwache alegee." Nilimnunulia maji ya kunywa baadaye, akakataa.

Halafu nikaondoka. Nilisikia wanatangaza wa tatu ni wewe, na nilijua nikikutana na wewe nitapiga kelele, na sikujua ni zipi. Nilikuona ukizunguka jukwaa. Nilikuwa nimeshapanda gari la kwenda kituoni, kioo kimefungwa, na dereva hakutaka kusimama. Nisamehe kwa hilo tu, mengine tutaongea.

Watoto wangu sasa wanalala chali kila Jumanne na Alhamisi, hadharani. Mwalimu mkuu amepewa kiti cha kukalia na kazi ya kuhesabu dakika, anaifanya vizuri, imempa tija. Nakwambia wewe tu.

Februari uliniuliza ulikuwa unakimbiaje utotoni, na mimi nikapita pembeni. Nilipita pembeni kwa sababu sijui. Watoto wa wenzangu niliwatazama wote, hatua kwa hatua, saa mkononi. Wewe ukianza tu kukimbia nilikuwa nafumba macho. Kila mashindano, kuanzia la kwanza kabisa. Nilikuwa nafumba macho napiga kelele mpaka nisikie watu wametulia, ndipo nafumbua kuangalia kama umeanguka. Nilijua tu kwamba nikikutazama utaanguka.

Juzi mdomo ulikuwa umezibwa, macho yakakosa pa kujificha. Nilikuona kutoka kwenye vibao mpaka kwenye mstari. Uso wako ulikuwa umetulia, mashavu yanatikisika, vidole vimefunguka, na miguu ilikuwa inagusa chini kidogo tu, kama inaomba radhi. Mwanangu, kumbe unakimbia vizuri hivyo. Watu walikuwa wananiambia miaka yote, na mimi nilidhani wananifurahisha.

Shangazi yako